Msaidizi wa Dada Aloo

Igogo, Mwanza
3 Machi

Dada yangu Aloo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mihogo yako na yule jogoo asiyejua saa. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Evelina anakusalimu sana. Kina mama wa kanisa wamemchagua mwenyekiti, na tangu hapo hata chakula cha jioni hapa nyumbani kina ajenda. Mimi naendelea vizuri isipokuwa goti la kushoto. Niliteleza kidogo wiki iliyopita, si jambo la kuandikia. Na wewe jirani Modesta, unayemsomea dada barua zangu, habari za huko. Najua unasoma kwa sauti ileile ya somo la kwanza Jumapili, na walio nje ya ua nao wanasikia, kwa hiyo nawasalimu wote kwa pamoja.

Sasa habari yenyewe. Mdogo wako amekuwa mtu mkubwa. Nimeteuliwa kuwa msimamizi wa kituo katika kura ya maoni ya mwaka huu. Tulikaa semina siku tatu, na siku ya tatu tukainua mikono tukala kiapo cha kutunza siri. Nilivaa tai, ile nyekundu ya harusi yangu. Kwa kuwa shingo imeongezeka tangu wakati ule, kiapo nilikitoa kwa sauti ya mtu anayenyongwa, na mkufunzi akaniuliza kama nataka maji.

Kitabu cha kanuni kina kurasa themanini na nne na nimekisoma mara tatu. Evelina anasema ningeisoma Biblia kwa bidii hiyo leo ningekuwa askofu. Dada, kura ya maoni si sawa na uchaguzi. Hakuna mgombea, hakuna kofia wala fulana za bure. Kuna swali moja tu, Ndiyo au Hapana. Kwa hiyo swali lazima lieleweke na mtu wa kawaida akisomewa mara moja. Wanaotaka Ndiyo na wanaotaka Hapana wapewe nafasi sawa redioni na kwenye kijitabu. Kila mtu afike kituoni kwa miguu yake au kwa kiti chake bila kubebwa. Na alichochagua mtu kisijulikane na mwingine yeyote. Hili la mwisho nimelipigia mstari. Swali lenyewe silinukuu hapa, maana sasa mimi ni mtumishi wa zoezi na nisije nikaonekana nafanya kampeni kwa barua ya ndugu.

Kituo changu ni ukumbi wa kanisa kule juu kwenye mawe. Nimeuchagua mwenyewe. Kanuni inataka jengo lisilo la chama chochote, lenye milango miwili na mwanga wa kutosha, na ukumbi ule una vyote. Nilisifiwa mbele ya semina nzima, na nakiri nilisimama ili wanione vizuri.

Ni mimi mdogo wako mwenye tai,
Yeremia Ogweno


Rorya
19 Machi

Mdogo wangu Yeremia,

Marahaba. Barua yako ililetwa na kondakta wa basi ikiwa imekunjwa mara sita. Modesta aliisoma mara mbili, ya pili kwa maombi ya majirani. Jogoo yupo. Mihogo imeliwa na mbuzi wa mtu ambaye simtaji, kwa sababu nategemea macho yake kusomewa barua zako.

Hii naipiga mwenyewe kwa taipureta yangu ileile niliyoagwa nayo kazini. Kama kuna makosa, lawama ni za vidole. Evelina aliwahi kuniuliza kwa nini sipigi simu kama watu wengine. Mwambie nilikaa miaka ishirini na saba kwenye swichibodi nikiunganisha watu, na najua simu ina masikio mangapi. Mawili yalikuwa yangu.

Nakupongeza kwa cheo. Wewe uliyekuwa unalia ukitumwa chumvi jioni, leo unasimamia taifa. Basi nisaidie, kwa kuwa wewe ndiye mwenye kitabu. Karani alipita hapa kuhakiki majina, akanikuta nachambua dagaa. Akaniambia, "Mama, siku hiyo uje na ndugu yako akupigie." Nikamwuliza kama wenye macho nao wanakuja na ndugu zao. Akacheka, akaandika kitu, akaenda.

Nataka kujua mambo manne. Kwanza, asiyeona anaweza kupiga kura mwenyewe, na kwa kifaa gani? Pili, msaidizi akiwa lazima, nani anamchagua? Tatu, mtu mmoja anaruhusiwa kusaidia wangapi? Nne, huyo asiyeona atajuaje kwamba msaidizi ameweka alama pale alipoambiwa?

Nakwambia mapema, mimi kuingia na msaidizi, siingii tena. Kama hakuna njia nyingine, siku hiyo nitabaki nyumbani na dagaa wangu, na taifa litanivumilia.

Dada yako,
Aloo


Igogo
8 Aprili

Dada yangu Aloo,

Shikamoo. Huku mvua imeshusha jiwe moja kubwa hadi uani kwa jirani. Hakuna aliyeumia, ila choo chao hakipo tena na sasa wanatumia chetu kwa ratiba aliyoiandika Evelina. Goti linaendelea.

Maswali yako ni mazuri kuliko yote tuliyouliza semina nzima. La kwanza, kifaa kipo. Ni jalada la karatasi ngumu, unaingiza karatasi ya kura ndani yake. Juu ya jalada kuna matundu mawili, kando ya tundu la Ndiyo kuna nukta moja ya kupapasa, kando ya Hapana kuna mbili. Unaweka alama kwenye tundu, unatoa karatasi, unaikunja na kuitumbukiza mwenyewe. Kinapelekwa kwenye kituo ambacho mpiga kura wake ameomba kwa maandishi na kueleza sababu za kutotaka msaidizi. Mwisho wa maombi ni tarehe 30 Juni. La pili, msaidizi anachaguliwa na mpiga kura mwenyewe, si karani wala wakala wala msimamizi. La tatu, msaidizi mmoja kwa mtu mmoja, basi. La nne ni refu kidogo na karatasi zangu ni chache. Nitalijibu siku nyingine.

Maana lazima nikusimulie aibu yangu. Jumamosi tulifanya kituo cha majaribio kule kwenye ukumbi wangu niliosifiwa. Tulialika watu arobaini. Kufikia saa nne asubuhi walikuwa wamefika kumi na mmoja, wote vijana wa kucheza mpira. Wazee walikaa chini barabarani wakiniangalia. Ngazi za mawe ni sabini na mbili, na nazijua kwa sababu goti langu lilizihesabu. Mimi msimamizi nilifika kileleni nikiwa nimeshikwa mkono na mtu niliyepaswa kumhudumia. Getruda, yule muuza samaki wa hapa mtaani, alisimama chini na beseni lake akapaza sauti kwamba kama kituo ni cha mbuzi, basi mbuzi ndio wapige.

Mwishowe alipanda, na nikatamani asingepanda. Nilisoma swali la kura kwa sauti yangu ya darasani. Lina maneno hamsini na moja, na ndani yake "isipokuwa pale ambapo" inatokea mara mbili. Nilipomaliza Getruda akauliza, "Mwalimu, nikisema hapana, nimekataa nini?" Nimefundisha somo la uraia miaka thelathini na miwili, dada. Nilikohoa, nikanywa maji, nikakohoa tena. Baadaye nikaandika maoni kwa wakubwa kwamba swali lifupishwe.

Kisha nikataka kuonyesha kile kifaa cha wasioona. Nilifungwa kitambaa machoni nikaingia kwenye kituturi cha kupigia kura kwa mbwembwe, huku nimetangaza kwamba nitapiga Ndiyo ya mfano. Walipofungua karatasi ilikuwa Hapana. Nilikuwa nimeiingiza juu chini. Watu walicheka hadi mawakala wa pande zote mbili wakaegemeana, na hiyo ndiyo mara pekee nimewaona wakikubaliana. Nilidai nilikosea makusudi ili wajifunze. Lakini nimeomba karatasi za kura zikatwe kona moja ya juu, ili kidole kijue upande, na wamekubali. Kituo nacho kinahamia shule ya msingi, huku chini tambarare.

Ni mimi,
Yeremia


Igogo
6 Mei

Dada yangu Aloo,

Shikamoo. Sisi hatujambo kabisa. Kuku wa Evelina wanataga, choo cha jirani kimejengwa, hali ya hewa nzuri mno.

Barua yako ya tarehe 24 nimeipata, lakini ni kurasa mbili tupu. Nafikiri utepe wa taipureta umekwisha wino na wewe hukujua. Nimecheka peke yangu, samahani. Nimezunguka mjini siku nzima nikapata utepe kwa mzee mmoja anayetengeneza saa, nakutumia pamoja na barua hii. Kama uliandika jambo la maana, utaniandikia tena. Kama ilikuwa habari za mbuzi, basi usijisumbue.

Hapa ziwani sato wameadimika, sangara wapo. Mwenyekiti wa kina mama anasema tupunguze kula nyama. Goti limepona kabisa. Sina jingine la kusema.

Yeremia


Rorya
20 Mei

Mdogo wangu Yeremia,

Marahaba. Asante kwa utepe. Modesta ameniambia sasa herufi ni nyeusi kama masizi. Kwa hiyo nimepiga kurasa mbili nzima bila wino, nikazikunja, nikazibusu, nikamkabidhi kondakta kwa maonyo makali asizipoteze. Ndivyo tulivyo wazee wa swichibodi, tunaongea sana bila kuangalia kama laini imeunganishwa.

Ile barua sitaiandika tena.

Huku mtama umekubali. Nilikwenda ofisini kuuliza habari za kifaa. Wakaniambia niandike sababu za kutotaka msaidizi. Nilikaa mbele ya taipureta asubuhi nzima, na sababu ninayo moja tu, lakini si yangu peke yangu kuisema. Nikarudisha fomu ikiwa safi. Basi usihangaike na swali langu la nne. Siku ya kura nitakuwa nyumbani.

Nisalimie Evelina.

Aloo


Igogo
11 Juni

Dada Aloo,

Shikamoo. Evelina mzima, kuku wazima, mvua zimekwisha. Salamu zangu zinaishia hapo leo.

Modesta, kuanzia hapa nakuomba usome kwa sauti yako yote ya kanisani. Usiruke neno, na kama kuna watu uani waache wasikie. Ningeweza kusema ningoje nije nimnong'oneze dada sikioni, lakini nimengoja miaka minne na njia ya kuja huko naijua vizuri.

Dada, barua yako haikuwa tupu. Utepe haukuwa na wino, lakini herufi ziligonga karatasi zikaacha alama. Niliilaza mezani nikaipaka penseli taratibu, kama tulivyokuwa tukifanya na sarafu utotoni, na maneno yakajitokeza meupe. Evelina akanikuta, nikamwambia napima ubora wa karatasi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mtama na upepo. Ukurasa wa pili uliandika hivi: "Kituoni kwetu Obedi alipata sifuri. Kura yangu ilikwenda wapi?" Nami nikakuandikia kwamba nimepokea kurasa tupu, nikajipongeza kwa kukutumia utepe.

Basi najibu swali la nne. Asiyeona hawezi kujua msaidizi ameweka alama wapi. Anachoweza ni kumwamini tu.

Ule uchaguzi mdogo wa diwani, ulipokuwa unaishi na sisi hapa Igogo, ulinichagua mimi niwe msaidizi wako. Tukaingia kwenye kituturi ukaninong'oneza, "Obedi." Obedi fundi baiskeli, ambaye sera yake yote ilikuwa kufunika kwa zege mfereji wa njia yetu, mfereji uliokuwa umekuangusha mara mbili. Mimi mwalimu wa uraia nikaona dada yangu anapoteza kura kwa mtu wa mfereji mmoja. Nikasema moyoni kwamba nakusaidia. Nikaweka alama kwa yule ambaye kila mtu alijua atashinda. Kisha nikakuongoza hadi kwenye sanduku, ukatumbukiza karatasi kwa mkono wako, ukatabasamu, ukaniambia asante. Niliipokea ile asante. Mpaka leo nikiikumbuka naona aibu, na ninaikumbuka kila siku.

Yule mtu alishinda kwa zaidi ya kura mia nne. Hakuihitaji hata.

Jioni ulitaka tubaki tusikilize matokeo yakisomwa. Obedi na mkewe walikuwa wamejiandikisha kituo kingine. Msimamizi akasoma, Obedi, sifuri. Nikakutazama. Ulikuwa unarekebisha kitenge chako. Nikajiambia hukusikia, wewe uliyekuwa ukimtambua mtu kwa jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kusema alo. Wiki mbili baadaye ukafunga mizigo, ukasema umekumbuka upepo wa nyumbani. Nikajiambia kweli ni upepo, na Evelina aliponiuliza nikamjibu hivyohivyo.

Na hili goti. Niliteleza ndani ya mfereji uleule. Bado uko wazi. Nilikaa humo chini na mkoba wangu wa semina, kitabu cha kanuni kinaelea, mpaka Getruda alipopita akanivuta. Aliniuliza nimeumia wapi, nikamwonyesha goti tu.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya pili, ya ofisi ya huko kwako, kuomba kile kifaa. Kwenye sehemu ya sababu nimeandika: "Mimi, Yeremia Ogweno, nilikuwa msaidizi wa mpiga kura huyu, nikaweka alama ambayo hakuniagiza. Ana haki ya kutomwamini msaidizi yeyote." Nakala nimempa mkuu wangu hapa. Aliisoma akavua miwani, akaniuliza kama nina hakika, maana jambo hili linaweza kunifikisha mbele ya sheria. Nikamwambia nina hakika na anajua ninapokaa. Siku hiyohiyo nilirudisha kitabu cha kanuni na kitambulisho. Tai ni yangu, nimebaki nayo. Sasa mimi ni mpiga kura wa kawaida, na huko kwenye foleni hakuna mtu atakayeniuliza kifungu namba ngapi.

Ipeleke kabla ya tarehe 30, dada, hata kama hutaki kuniandikia tena maishani. Nilikukosea nikiwa nimekushika mkono. Nisamehe.

Yeremia


Rorya
28 Juni

Yeremia,

Barua yako ilifika tarehe 19. Modesta aliisoma yote. Alikwama mara mbili, nikamwambia aendelee. Ile ya ofisini nimeipeleka leo mwenyewe. Dagaa ni wengi mwezi huu.

Aloo


Igogo
2 Agosti

Dada yangu Aloo,

Shikamoo. Basi limekwenda na kurudi mara nyingi bila barua, na sikuandikii nikilalamika, nina habari tu. Evelina alinisusia wiki tatu. Sasa ananisemesha, ila kwenye kikao cha kina mama ametoa mfano wa mtu mmoja asiyetajwa jina, na kina mama wote wakanigeukia mimi niliyekuwa napanga viti.

Swali la kura limefupishwa. Limebaki maneno kumi na manne. Getruda amesomewa mara moja, akasema sasa anajua akikataa anakataa nini. Kituo kipya kipo shuleni, wamemwaga zege mlangoni ili baiskeli za walemavu zipite. Msimamizi mpya ni mwanamke mdogo tu, hana tai, na anajua kazi kuliko mimi.

Nilikwenda kwa Obedi. Nilimkuta amegeuza baiskeli ya mtu magurudumu juu. Nilisimama pale kwa muda mrefu mpaka akafikiri nimeleta kazi. Nikamweleza kwamba kura ile aliyosomewa sifuri haikuwa sifuri, kwamba alikuwa nayo moja, yako, na mimi ndiye niliyeiondoa. Nilitegemea anifukuze na spana. Aliendelea kuzungusha gurudumu, akalisimamisha kwa kidole, akasema, "Kumbe nilikuwa na mtu." Nilipoondoka alikuwa bado ameinama palepale.

Mkuu wangu wa zamani ananiambia kifaa chako kimeidhinishwa. Sina haki ya kukuomba chochote, lakini natamani uende.

Yeremia


Rorya
24 Agosti

Mdogo wangu Yeremia,

Marahaba. Sisi wazima. Mbuzi wa Modesta, sasa namtaja, wamehamia kwenye mtama. Yeye mwenyewe amekuwa maarufu kijijini. Tangu ile barua yako, watu wanapita kuuliza basi la Mwanza limeleta nini, na wengine wanakuja na viti vyao.

Nimechelewa kukuandikia. Mwanzo ilikuwa hasira, na nilikuwa na haki nayo. Kisha nikaona inapungua, nikawa naichochea kama moto wa kuni mbichi, kwa kuwa niliizoea. Kwa miaka minne nilikuwa na jambo moja la kukuuliza na sikukuuliza. Mimi niliyesikiliza siri za mkoa mzima, za ndoa na za ofisini, bila hata kuona haya, nilikaa mezani kwako nikala ugali wako wiki mbili nikiwa nimelimeza neno moja. Halafu siku nilipopata ujasiri nikaliandika bila wino. Usijione mjinga peke yako katika ukoo huu.

Nilikwenda. Kifaa kililetwa na mtendaji mwenyewe. Alikuwa amesoma sababu uliyoandika, na akamwita yule karani aliyeniambia nije na ndugu, akamfanyisha mazoezi mbele yangu mpaka jasho likamtoka. Wazee wengine wawili wa huku wasioona nao walikitumia. Modesta alinifikisha mlangoni, wakamwambia abaki nje, akabaki. Alikuwa na sura ya mtu aliyefungiwa nje ya harusi, hivyo ndivyo walivyonieleza waliomwona.

Nilipapasa kona iliyokatwa, nikajua upande. Nikaingiza karatasi. Nukta moja, nukta mbili. Nikapapasa tena toka mwanzo kwa sababu sikuamini kwamba ni rahisi hivyo. Nikaweka alama.

Baada ya muda nikamsikia karani nyuma ya pazia akiuliza, "Mama, umekwama? Tukusaidie?" Nikamwambia sijakwama. Akangoja. Kwenye foleni watu wakaanza kukohoa. Akauliza tena kama nimeshindwa kuchagua.

Sikuwa nimeshindwa. Nilikuwa nimemaliza muda mrefu, karatasi imekunjwa ipo mkononi mwangu. Nina miaka sitini na sita, na tangu surua iliponichukua macho nikiwa darasa la nne, sijawahi kuwa na karatasi mkononi ambayo hakuna mtu mwingine atakayejua nimeweka nini ndani yake. Nilitaka kuishika kidogo. Nikaishika mpaka nilipotosheka, ndipo nikatoka nikaitumbukiza.

Nilichochagua sitakuambia, wala Modesta hatakisoma popote. Lakini nimekusamehe, na hilo unaweza kumwambia yeyote.

Dada yako,
Aloo